Tenganisha nafaka yako kabla ya kuipeleka chigayo



Mahindi na maharage unayopata hapa Dzaleka, au unayonunua sokoni Dowa na Lilongwe, mara nyingi huja na mchanga, makapi, vijiwe, vipande vya chuma na punje zilizoharibika. Huo ni mchanganyiko, na kila kilichomo kina tabia yake: kikubwa au kidogo, kizito au chepesi. Tumia tabia hizo kuvitenganisha.

Anza na chekecheke. Mchanga hupita matunduni, punje hubaki juu. Halafu chukua ungo, ambao wenyeji wetu wanauita lichero, upepete mahali penye upepo ili makapi yapeperuke. Wamama wengi mnayajua hayo kuliko sisi. Vipande vya chuma hunaswa na sumaku; ile ya spika ya redio mbovu inatosha. Vijiwe vyenye ukubwa wa harage ndivyo visumbufu. Weka maharage katika sufuria yenye maji, zungusha, kisha mimina kidogo kidogo katika chombo kingine. Vijiwe ni vizito zaidi, vitabaki chini.

Sasa tuje kwenye punje zenye kuvu. Hapa si suala la meno kuvunjika. Baadhi ya kuvu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, ambayo huharibu ini. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Kuchemsha sima hakuiondoi sumu, wala kutengeneza pombe.

Kwa hiyo chambua kwa mkono, mchana, penye mwanga. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kisha tia mahindi ndani ya maji, koroga, na utoe yote yanayoelea: punje iliyoliwa ndani ni nyepesi. Lakini usidhani kila iliyozama ni salama. Maji husaidia, macho yako yanahitajika bado. Kwa karanga fanya vivyo hivyo kwa mkono. Usinunue karanga zilizokwisha kusagwa kama hujui zilichambuliwa na nani, kwa sababu ndani ya unga mbaya haionekani tena.

Baada ya kuosha, anika juu ya mkeka au turubai, si juu ya udongo, mpaka punje zikauke kabisa. Wakati wa masika, osha kiasi kidogo tu utakachoweza kukausha siku hiyo. Mahindi yaliyolowa yakirudishwa mfukoni huota kuvu upya.

Punje mbaya usiwape kuku wala mbuzi, maana sumu hupita hata katika maziwa. Zifukie shimoni.

Ukiona mtu nyumbani ana macho ya njano, anatapika na tumbo linamvimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uchukue kopo la mahindi mliyokula ili mganga ayaone.