CD ya Gemu Ikiuzwa Mara ya Pili

Mabasi na malori yatokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza hupita Iguguno, na mzigo mwingi wa madukani huingia kwa barabara hiyohiyo. Katika miji ya namna hii kijana anayependa gemu ya mpira haanzi kwa kununua gemu mpya. Anaanza bandani: televisheni, PlayStation iliyokwisha kutumika kwingine, pedi mbili zilizolegea vitufe, mechi moja jero. Mara nyingi mashine imenunuliwa Kariakoo, na kabla ya hapo ilikaa sebuleni kwa mtu Dubai au Ulaya. Ndiyo maana ugomvi wa kampuni za gemu dhidi ya biashara ya mtumba unatuhusu sana, ingawa unapiganiwa mbali na hapa.

Madai ya kampuni ni haya. Shati la mtumba limechakaa kidogo, na anayelinunua analijua hilo. CD ya gemu ikitunzwa vizuri, mnunuzi wa pili anapata kilekile alichopata wa kwanza, lakini kampuni iliyotengeneza gemu hulipwa mara moja tu. Kinachobaki ni cha muuza duka. Duka maarufu la GameStop la Marekani, katika miaka yake ya neema, lilikuwa likibakiza karibu nusu ya bei ya kila gemu iliyotumika kama faida ghafi. Kwenye gemu mpya lilibakiza takriban moja ya tano. Kwa hesabu hiyo, muuzaji ana kila sababu ya kumwelekeza mteja kwenye rafu ya mtumba, na aliyeandika gemu hapati hata senti.

Sheria haikuzisaidia kampuni. Marekani imeshikilia tangu kesi ya vitabu ya mwaka 1908 kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hana tena mamlaka ya kumzuia mnunuzi asiiuze. Mwezi Aprili 2002 Mahakama ya Juu ya Japani nayo iliamua kwamba kuuza gemu zilizotumika ni halali, baada ya watengenezaji kuyashitaki maduka.

Sasa tumtazame mnunuzi wa gemu mpya, maana malalamiko ya kampuni humsahau. Kijana hununua pikipiki mpya kwa bei inayoumiza kwa sababu anajua akikwama ataiuza. Gemu nayo ina hesabu hiyo. Tangu 2020 gemu nyingi kubwa hutoka kwa dola 70, tuseme shilingi 175,000 kwa kadirio la 2,500 kwa dola. Mtu akiicheza miezi miwili kisha akaiuza 100,000, imemgharimu 75,000. Mwondolee ruhusa ya kuuza, naye atalipa 175,000 kamili, au ataacha kununua. Thamani ya kuuza tena imo ndani ya bei ya gemu mpya tangu siku ya kwanza. GameStop yenyewe ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya fedha ilizowapa wateja kwa gemu zao za zamani zilirudi kununua gemu mpya. Hayo ni maneno ya mwenye duka na yapimwe hivyo, lakini mantiki yake ni nzito.

Watafiti wawili, Masakazu Ishihara na Andrew Ching, waliipima hoja hii kwa takwimu za soko la Japani. Walichoonyesha ni kwamba kuliondoa soko la mtumba kunaweza kuinufaisha kampuni, ila kwa sharti kwamba bei ya gemu mpya nayo irekebishwe. Sharti hilo ndilo lenye uzito, na ndilo kampuni hazilitaji zinapolalamika.

Hata hivyo hasara ipo, na haiwagusi wote sawasawa. Gemu yenye hadithi, inayomalizika kwa saa kumi au kumi na tano, hurudi dukani wiki ileile na kuuzwa kando ya nakala mpya kwa bei iliyopungua kidogo tu. Kampuni ndogo iliyotumia miaka mitatu kuitengeneza huumia kweli. Gemu ya mpira ni tofauti: mtu haimalizi, na toleo jipya la mwaka unaofuata ndilo linaloishusha bei.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kumtoza mnunuzi wa pili. Mwaka 2010 Electronic Arts ilianza kuweka kwenye kasha la gemu zake za michezo namba ya siri ya kuchezea mtandaoni. Namba ilitumika mara moja, na aliyenunua CD ya mtumba alitakiwa kuongeza dola 10. Hata aliyenunua gemu mpya alisumbuka kuandika namba ile, na CD yake ilishuka thamani siku aliyotaka kuiuza. Mwaka 2013 mpango huo ukaachwa.

Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mashine ya Xbox One iliyopaswa kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na CD zake zingeuzwa tena kwa masharti tu. Wachezaji waligoma, na tarehe 19 Juni 2013 kampuni ikarudi nyuma. Fikiria banda la Iguguno ambamo bando likiisha, mashine inakataa kufanya kazi.

Kilichokuja kufanikiwa ni kingine: kuuza vitu ndani ya gemu. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2021, Electronic Arts ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team, sehemu ya gemu zake za michezo ambamo watu hununua pakiti za wachezaji. Hapo CD ya mtumba haimdhuru mwenye gemu. Inamletea mteja mwingine mlangoni.

Lakini kubwa kuliko yote ni kutoweka kwa CD yenyewe. Novemba 2020 Sony ilitoa PlayStation 5 ya aina mbili, moja haina sehemu ya kuingiza CD. PlayStation 5 Pro ya 2024 nayo inauzwa bila sehemu hiyo, anayeitaka anainunua pembeni. Gemu inayopakuliwa imefungwa kwenye akaunti, wala haiuziki, haiazimishwi, hairithiwi na mdogo wako.

Kwa Mtanzania tatizo lina tabaka la pili. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, duka rasmi la mtandaoni la PlayStation lipo Afrika Kusini tu. Anayefungua akaunti akiwa Singida hulazimika kudai yuko nchi nyingine. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo. Ongeza ukubwa wa gemu zenyewe, gigabaiti 50 na kuendelea, juu ya bei ya bando. Kwetu CD si mazoea ya kizamani. Kwa wengi ndiyo njia pekee ya kuinunua gemu kihalali.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo bandani huchanganywa. CD ya mtumba ililipiwa mara moja, na kijana aliyeiuza labda ameongeza akanunua mpya. CD iliyochomwa, au PlayStation 2 iliyochipiwa na kujazwa gemu kwenye flashi, haikumlipa mwenye kazi hata mara moja, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu biashara hiyo. Kampuni ikiifunga njia ya mtumba ikidhani kijana wa hapa atalipa dola 70 mtandaoni, inajidanganya. Atakwenda kwenye flashi, na hasara itakuwa ya wote.

Anayefikiria kununua PlayStation 5 iliyotumika aangalie kwanza kama ina sehemu ya CD. Toleo jembamba la mwishoni mwa 2023 huruhusu kuipachika, lakini mashine itahitaji intaneti mara ya kwanza kuitambua. Asilipie gemu ambazo muuzaji anasema zimo ndani: ni za akaunti yake, na akiiondoa kwenye mashine zitakwenda naye. Na mwenye CD halisi aweke kasha na asiikwaruze, kwa kuwa Singida, Dodoma au Kariakoo bado yupo mtu atakayeinunua.