Mtoto kuumwa miguu usiku: Si kila mara "anakua"

Kama una mtoto wa umri wa kati ya miaka mitatu na 12, huenda jambo hili si geni kwako. Mtoto ameshinda akikimbia na wenzake, amekula, amelala. Saa nne usiku anaamka akilia huku ameshika miguu. Mama anamkanda, anatulia. Asubuhi anakwenda shule akirukaruka kana kwamba hakikutokea kitu.

Wengi husema mtoto huyo "anakua". Jina la maumivu ya kukua ni la zamani. Daktari Marcel Duchamp wa Ufaransa alilitumia mwaka 1823. Hata hivyo, mpaka leo haijathibitika kuwa kukua ndiko kunakoleta maumivu hayo. Mara nyingi hujitokeza baada ya siku ya michezo mingi.

Utayatambuaje?

Maumivu haya huwa ya miguu yote miwili, kwenye mapaja, miundi, mashavu ya miguu au nyuma ya magoti. Huja jioni au usiku na kuondoka kabla ya asubuhi. Yanaweza kupotea kwa wiki kadhaa kisha yakarudi. Mtoto hana homa, hachechemei, wala viungo havivimbi. Hali hii huisha yenyewe na haiachi ulemavu.

Mkande mtoto taratibu, au mwekee kitambaa chenye maji ya vuguvugu, baada ya kupima joto lake kwa mkono wako. Akizidiwa, mpe parasetamo kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Usimpe aspirini, kwani inaweza kuwadhuru watoto. Sindano hazihitajiki.

Pale ambapo si kukua

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa mtoto wa kike wa miaka mitano. Majirani walishamwambia mama yake kuwa mtoto anakua, na bibi yake alisema ni baridi, akawa anamchua kwa mafuta. Nilipouliza zaidi, mama akanieleza kuwa mtoto huumwa hata mchana, na kwamba alipokuwa na miezi minane viganja na nyayo zake zilivimba. Nilimtazama: macho yalikuwa na umanjano na viganja vimepauka. Kipimo cha damu kilionesha ana selimundu.

Mama alilia. "Dokta, kumbe miaka yote hii nilikuwa namkanda tu?" Hakuwa na kosa, kwani alifuata alichoambiwa. Lakini mtoto alikosa kwa miaka minne kinga na dawa ambazo zingempunguzia maumivu na maradhi.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Baba na mama wanaweza kuwa wazima kabisa lakini kila mmoja amebeba vinasaba vyake. Wakiwa hivyo wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa. Ndiyo maana ni vyema vijana wanaotarajia kuoana wapime mapema.

Aidha, maumivu ya miguu yanaweza kutokana na usaha ndani ya mfupa, homa ya baridi yabisi inayofuata maambukizi ya koo na kudhuru moyo, au saratani ya damu.

Mpeleke mtoto kituo cha afya bila kuchelewa ukiona:

1. Anaumwa mguu mmoja tu, mahali pale pale.
2. Maumivu yapo asubuhi au mchana, au anachechemea.
3. Kiungo kimevimba, kina joto au chekundu.
4. Ana homa, anakonda au amepauka.
5. Macho ni ya manjano, au ana michubuko na kutokwa damu bila sababu.

Mwenye homa na asiyeweza kukanyaga chini apelekwe siku hiyo hiyo.

Mzazi, usiku endelea kumkanda mwanao. Lakini kukicha, mtazame anavyotembea. Akichechemea, usiseme anakua; mpeleke akapimwe.