Kadena tatu, na wenye funguo wakipatana?

Mtu yeyote mwenye kuwa ndani ya AVEC, awe wa huku Makiso ao wa ng'ambo ya mto kule Lubunga, anajua lile sanduku la chuma lenye kadena tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Maana yake hata mtoto anaelewa: mmoja akishikwa na tamaa usiku, hawezi kufungua peke yake.

Lakini kuna swali lenye watu hawapendi kuuliza kwa sauti, juu linaonekana kama kutukana wenzao. Na hao wanne wakipatana?

Swali hilo ni moja kati ya maswali makubwa ya kriptografia, ile elimu ya kulinda habari kwa njia ya hesabu, yenye inatumika kila mara tunapotuma makuta kwa simu. Wengi wanadhani kazi yake ni kumzuia mwizi wa inje tu. Huyo ni mwepesi. Mgumu ni yule wa ndani, mwenye tulimpa ufunguo sisi wenyewe, na mwenye anaweza kukaa na mwenzake mahali wakakula njama.

Mwaka 1979, Adi Shamir, mtu wa hesabu wa Israeli, alionyesha namna ya kukata siri vipande. Tuchukue mfano mdogo. Siri yetu ni 5, kode ya kufungua sanduku. Tunachagua hatua moja ya kuruka, tuseme 3, na yenyewe hatumwambii mtu. Mama wa kwanza tunampa 8, wa pili 11, wa tatu 14. Kisha tunafuta 5 na 3. Wawili wakikutana, mwenye 8 na mwenye 11, wanaona hatua ni 3, wanarudi nyuma mara moja na kufika kwa 5. Wa kwanza na wa tatu vilevile wanaweza. Lakini mwenye 8 peke yake hana kitu: hatua ikiwa 1, siri ni 7, ikiwa 6, siri ni 2. Hawezi kujua. Kwa kazi ya kweli namba zinakuwa ndefu sana, hata kompyuta haiwezi kukisia.

Uzuri wake ni kwamba unachagua mwenyewe ni wangapi lazima wakutane. Wawili kwa watatu, watano kwa tisa, kama unavyotaka. Ukipandisha hesabu, njama inakuwa ngumu, juu mwizi lazima apate washiriki wengi, na kila mmoja wao anaweza kumtoboa.

Sasa basi, tuseme lazima wote watatu? Sanduku la AVEC liko hivyo, na linaonekana la nguvu zaidi. Wataalamu wenyewe walifanya vile. Shirika la dunia la watu wa kriptografia, IACR, lilipiga kura ya kuchagua viongozi wake mwaka 2025 kwa programu yenye jina Helios. Funguo za kufungua matokeo zilipewa watu watatu, na ilihitajika wote watatu, ili wawili wasiweze kupatana na kuchungulia kura za wenzao. Mmoja akapoteza ufunguo wake. Ikawa hakuna njia ya kuhesabu. Mwezi wa 11 walitangaza kwamba kura ile imekufa, wakapanga ingine, na mara hii wawili kwa watatu wangetosha. Kama mabingwa wa dunia wanapata shida hiyo, tusishangae mama mmoja akienda kwa kilio Isangi na ufunguo ndani ya kitambaa.

Ndiyo sababu katika vikundi vingi mwenye kusafiri anamwachia jirani ufunguo wake, na jirani naye eko tayari na ufunguo mwingine. Kwa daftari ni watu watatu, kwa kweli ni wawili. Ni hapo pa kuangalia, kuliko bei ya kadena. Na dada wawili na shemeji yao wakishika zote tatu, hesabu ya Shamir haisaidii kitu: hesabu inajua vipande, haijui ukoo. Heri funguo zigawiwe kwa watu wenye hawana faida moja, na wapigiwe kura ya bahati, ili mtu asijipange mapema na mwenzake.

Kinga ingine, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi, ni wingi wa wenye kujua. AVEC yenye kufuata kanuni haifungui sanduku kwa kujificha. Wanafungua mbele ya wote, wanahesabu kwa sauti, na kila mwanachama anarudi nyumbani na jumla ndani ya kichwa. Wenye funguo watatu na mwenye sanduku wakiiba, lazima wanunue na vichwa ishirini.

Uchaguzi wetu ulionyesha pande zote mbili. Baada ya kura ya tarehe 20/12/2023, mwezi wa kwanza 2024 CENI ilifuta kura za wakandideti 82, kati yao mawaziri na magavana. Sababu zenye ilitoa ni udanganyifu, rushwa, na kushika mashini za kura bila haki. Fikiria: mashini inaweza kuwa na kode nzuri kabisa, lakini ikilala nyumbani kwa kandideti, kode inamlinda nani? Kinga iliyobaki ni karatasi. Sheria inataka matokeo yabandikwe kwa kila biro ya kura, na mashahidi wa vyama wapewe kopi. Mwaka 2018 CENCO ya maaskofu ilituma waangalizi karibu 40,000, na ndiyo maana mwezi wa kwanza 2019 iliweza kusema wazi kwamba hesabu zake hazipatani na zile zilizotangazwa. CENI haikutoa matokeo biro kwa biro, na bila hayo raia hawezi kulinganisha karatasi ya mlango wa shule ya kwao na jumla ya Kinshasa.

Inabaki njama moja yenye watu wanaisahau: ya mpiga kura mwenyewe na mwenye kununua kura yake. Hapa kriptografia inatoa jibu lenye linashangaza. Tangu 1994, Josh Benaloh na Dwight Tuinstra waliandika kwamba kura salama haipashwi kumpa mpiga kura alama yoyote yenye anaweza kuonyesha mtu mwingine. Ajue mwenyewe kwamba kura yake imeingia, lakini asiweze kuthibitisha alimchagua nani. Mnunuzi akikosa uhakika, franga zake zinapotea bure. Ndiyo maana simu yenye kupiga picha ndani ya chumba cha kura ni hatari: picha ile ndiyo risiti ya mnunuzi.