Kompyuta ya gemu ikijizima Kibwezi au Mutomo, usikimbilie kununua kadi

Kuanzia Septemba hadi mvua za Novemba zishuke, simu nyingi ninazopokea hapa Mombasa hutoka bara, Kitui na Makueni, na karibu zote husema jambo moja: kompyuta ya gemu inajizima. Ni mashine zilizonunuliwa huku Pwani, zikapandishwa barabara ya Nairobi hadi Mtito Andei, Kibwezi na Wote, nyingine zikakata kwenda Mutomo na Kitui mjini. Hapa zilikuwa nzima. Huko zinaganda, skrini inageuka buluu, au zinakatika ghafla kama taa. Wenye mashine hizo wengi ni vijana wa vibanda vya gemu, wanaolipwa kwa kila mechi. Siku mashine ikilala, na pato limelala.

Ushauri wanaopewa madukani mara nyingi ni mmoja: kadi ya michoro imekufa, leta pesa uwekewe nyingine. Mimi husema ngoja kwanza.

Prosesa ya kisasa ina kipimajoto ndani yake, na kadi ya michoro vilevile. Joto likikaribia kikomo, ambacho kwa prosesa nyingi za Intel ni nyuzi 100 za selsiasi na kwa AMD Ryzen nyingi ni 90 au 95, prosesa hupunguza kasi yenyewe. Mchezaji ataona gemu inakwamakwama. Joto likizidi kupanda, mashine hujikatia umeme isiungue. Kwa hiyo kompyuta inayojizima kwa joto bado ina uhai, na imefanya ilivyotengenezwa kufanya.

Kwa nini huko zaidi kuliko hapa, na Mombasa nako kuna joto? Watu husahau kwamba feni haileti baridi. Feni husukuma tu hewa iliyomo chumbani. Chumba kikipanda nyuzi kumi, na vya ndani hupanda takriban nyuzi kumi hizo hizo. Prosesa iliyokuwa ikicheza gemu kwa nyuzi 84 chumba kikiwa na 26, itakaribia 94 chumba kikifika 36. Kibanda cha mabati kisicho na dari, saa nane mchana, mwezi wa kumi, na ndani wamejaa vijana kumi na watano, hufika hapo bila shida. Ndiyo maana mtu ataniambia mashine "ilipona" mwezi wa saba. Haikupona, ilipata baridi ya Julai tu.

Kisha kuna vumbi. Sisi Pwani adui yetu ni chumvi na unyevu, vinavyokula viunganishi polepole kwa miaka. Vumbi jekundu la Ukambani halina subira hiyo. Ni laini kama unga, linapita kwenye kila tundu, linajaza nafasi zilizo kati ya mapezi ya kipoza joto mpaka yanakuwa kama blanketi. Nimefungua mashine ya miezi mitano tu kutoka njia ya Mutomo, feni inazunguka vizuri kabisa, lakini hewa haipiti popote.

Sasa, kabla ya kufungua chochote, uliza mashine inajizima *lini*. Hapo ndipo penye jibu, na swali hilo halina gharama. Ikiwa inacheza vizuri dakika ishirini au thelathini kisha inazima, na ukiiwasha papo hapo inazima haraka zaidi, hilo ni joto. Ikizima mara tu gemu nzito inapoanza, hata asubuhi kukiwa na baridi, tazama kikasha cha umeme. Ikiganda ovyo hata ukiandika barua tu, shuku ramu, diski au Windows yenyewe. MemTest86 iache ikimbie usiku kucha, nayo itakuambia kuhusu ramu. Na ikizima wakati jirani anawasha kinu cha posho au mashine ya kuchomelea vyuma, basi tatizo haliko ndani ya kompyuta hata kidogo.

Wengi hufungua Event Viewer ya Windows, wakaona Kernel-Power 41, wakaniletea picha yake kana kwamba ni cheti cha daktari. Maandishi hayo husema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Sababu hayasemi.

Kijana mmoja wa Kibwezi alinipigia akiwa ameshakopa. "Fundi, dukani wameniambia kadi imekufa, wanataka elfu kumi na nane." Nilimwomba aweke HWiNFO, programu ya bure, aiache ikiandika joto huku watu wakicheza, kisha anitumie picha. Kadi ilikuwa kwenye nyuzi 76, haina neno. Prosesa ilikuwa 99. Nikamwambia avue ubavu wa kasha, acheze tena. Ikashuka hadi 85. Joto likishuka kiasi hicho kwa kuvua ubavu tu, ujue kasha halipumui. Kadi yake ilikuwa nzima, na deni lile alilirudisha siku ya pili.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya saa moja. Zima, chomoa waya ukutani, toa mashine nje ya chumba. Tumia brashi laini na kipulizio cha mkono au blowa ndogo. Shikilia feni kwa kidole usiiache izungushwe na upepo huo, kwa maana ikienda mbio kupita kiasi beringi huharibika. Na tafadhali, usiipeleke kwa yule jamaa wa panchari akupulizie kwa kompresa yake. Kompresa zile hutema maji na mafuta pamoja na hewa, nami nimeona ubao mama uliokufa kwa hilo.

Ikiwa mashine ina miaka mitatu au zaidi, au ni mtumba, badilisha pia pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto. Ikikauka huwa kama chokaa, haipitishi joto. Futa ya zamani kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, tia mpya kiasi cha punje mbili za pojo, au ndengu kama wanavyoziita wenyeji wa huko, rudisha kipoza joto na ukaze skrubu kwa mshazari. Ukipaka nyingi kama siagi kwenye mkate hupati faida yoyote.

Baada ya hapo inua mashine kutoka sakafuni, iweke mbali na mlango kwa angalau mkono mmoja, usiisukume mpaka ukutani. Katika gemu weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde. Televisheni nyingi za vibandani hazionyeshi zaidi ya hapo, kwa hiyo kadi inayotengeneza 140 inachemka bure. MSI Afterburner nayo hukuruhusu kupunguza nguvu ya kadi hadi asilimia 80; kasi hupungua kidogo, joto hupungua sana.

Wapo wanaoweka beseni la maji na kitambaa kibichi mbele ya feni. Huku kwetu hilo ni kazi bure, hewa yetu imeshashiba unyevu. Kitui hewa ni kavu, na ujanja ule unafanya kazi kweli, kwa sababu ile ile inayofanya mtungi wa huko kupoza maji vizuri kuliko mtungi wa Lamu. Lakini kitundike kitambaa dirishani, kipoze chumba. Maji na kompyuta visikae meza moja.

Umeme una habari yake. Mashine nyingi za bei nafuu ni za ofisi kutoka Uingereza, Dell OptiPlex au HP, zilizopachikwa kadi ya michoro. Zile ndogo huja na kikasha cha umeme cha wati 180 au 240 hivi. GTX 1650 ya kawaida, isiyohitaji waya wa ziada, hula wati 75 na huenda pamoja na kikasha hicho. RX 580 hula wati 185 peke yake. Muuzaji anayekufungia hiyo kwenye kikasha kidogo kwa waya wa kuunganisha anakuuzia mashine itakayozima kila Salah akipiga shuti, na joto likipanda kikasha hicho huchoka zaidi.

Kwa upande wa laini, umeme wetu wa Kenya unatakiwa uwe volti 240, ila kwenye vituo vya soko vilivyo mbali na transfoma hushuka kinu kinapoanza kuzunguka. UPS yenye kirekebisha volti husaidia, lakini isome vizuri. Iliyoandikwa VA 650 haibebi wati 650. Nyingi hubeba kati ya 325 na 400. Usiunganishe na televisheni na redio humo humo.

Kadi iliyokufa kweli ipo, na ina dalili zake. Huonyesha mistari na vidoti vya rangi hata mashine ikiwa baridi, hata kabla Windows haijafunguka. Ichomoe, ijaribu kwenye kompyuta ya mwenzako. Madoa yakiifuata huko, hapo nenda kanunue, na umwambie muuzaji aiwashe na kuichezesha gemu nzito nusu saa mbele yako, joto likionekana kwenye skrini, kabla hujatoa senti. Akikataa, duka la pili haliko mbali.