Wimbo wa mwenzako, jasho lako

Kwetu Katanga, kumwambia mwanamuziki «wewe uko unakopia» ni karibu tusi. Kijana akisimama na gita, akaimba wimbo wa mkubwa fulani, wazee wanageuza kichwa: «Tuleteeni ule wa sahani, ule wenyewe.» Sisi wa sendika tunasikia mabishano hayo kila mara kunapokuwa sikukuu, na leo tunapenda kusimama upande wa vijana. Lakini si vijana wote. Kuko kukopia, na kuko kurudilia wimbo. Ni vitu viwili, na nyimbo tatu zitatuonyesha tofauti yake.

Tuanze na wimbo wa wachimbaji wenzetu. Unaitwa «Sixteen Tons», maana yake tani 16. Aliyeurekodi wa kwanza ni Merle Travis, mpiga gita wa Kentucky, Marekani, nchi ya makaa ya mawe. Baba yake alifanya kazi katika migodi ya makaa. Mwaka wa 1946 Travis aliimba habari za mchimbaji anayepakia makaa mpaka mgongo unakatika, lakini deni lake halipungui. Juu ya nini? Kwa sababu zamani zile kampuni nyingi za makaa za Marekani zililipa watu kwa vipande na karatasi zao wenyewe, si kwa franga za serikali. Vipande vile vilikuwa na nguvu katika duka la kampuni tu. Duka lilipanga bei lilivyotaka, mfanyakazi alichukua chakula kwa deni, na siku ya mshahara ikifika, mshahara umekwisha kuliwa.

Travis aliimba na gita lake, na wimbo haukufika mbali sana. Miaka 9 ikapita. Mwaka wa 1955, Tennessee Ernie Ford, mtu wa sauti nzito, aliurudilia. Maneno aliyaacha karibu yote kama alivyoyakuta. Kazi yake ilikuwa pengine: klarineti pamoja na ala chache, mwendo wa polepole, na vidole vinavyopigwa: tak, tak, tak. Yule wa Travis alikuwa anatuelezea habari kama mtu aliyekaa mbele ya nyumba yake. Huyu wa Ford anatembea, na ukimsikia unajua anatoka shimoni. Wimbo ukapanda mpaka namba 1 Marekani, ukakaa pale majuma mengi. Armand Mestral akauimba kwa Kifaransa, «Seize tonnes». Leo watu wengi wanafikiri wimbo ni wa Ford. Lakini kwenye sahani ya Ford jina la mtunzi liliandikwa: Travis. Aliyerudilia alipata sifa, mwenye wimbo hakufutwa.

Wimbo wa pili tunaujua wote, hata watoto: «Malaika». Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeutoa na bendi yake ya Jambo Boys, karibu na mwaka wa 1960. Kijana anapenda binti, lakini hana mali ya kumuoa. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akauchukua, akauzungusha dunia nzima. Wakaja Boney M. Akaja Angélique Kidjo wa Benin, mwaka wa 1991. Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa Makeba wala kwa Kidjo, na sisi wenye lugha tunasikia mahali ulimi unateleza. Hata hivyo, nani atasema sauti ya Makeba ni kopi? Fadhili anaimba kama kijana anayeona haya kwa umaskini wake. Makeba anaimba kama mtu anayelia juu ya umaskini wa wote.

Lakini hapa kuko jambo linalouma. Mtanzania mmoja, Adam Salim, alisema wimbo ni wake, aliutunga katika miaka ya 1940. Mabishano hayo yaliendelea miaka na miaka. Dunia nzima inaimba, na bado watu wanagombania ni nani aliyelima shamba. Sisi wa sendika tunaelewa mambo hayo vizuri. Shaba inatoka kwetu, inafika mbali, inakuwa waya na mashine, na hakuna anayeuliza jina la aliyeshika nyundo.

Wimbo wa tatu ni wa nyumbani. Mwezi wa kwanza 1960, wakubwa wetu wa siasa walikuwa Bruxelles kwa mkutano wa Table Ronde. Joseph Kabasele, Grand Kallé, alikuwa kule na African Jazz, na pale pale kikatoka «Indépendance Cha Cha». Ulikuwa wimbo wa furaha tupu, na majina ya viongozi na vyama ndani. Miaka 50 baadaye, Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978 na kukomalia Ubelgiji, aliurudilia pamoja na wanamuziki wa Kinshasa. Aliupa jina la Kifaransa na la Kiswahili chetu: «Le Jour d'après / Siku ya baadaye». Sauti ya zamani inasikika ndani, kila mtu anaitambua. Maneno ndiyo mapya. Kallé aliimba siku ya sikukuu. Baloji anauliza kesho yake, viti vikikwisha kupangwa na wageni kurudi kwao, tumebaki na nini. Njo kurudilia kwenyewe! Bila Kallé, Baloji hana wa kumwuliza. Bila Baloji, sisi tunacheza cha-cha tu na kusahau kuuliza.

Basi tunapima namna hii. Swali la kwanza: huyu anayerudilia ametoa jasho gani lake mwenyewe? Swali la pili: ametaja mwenye wimbo? Swali la tatu: franga zikiingia, mwenye wimbo anakula pia? Asiyejibu hata moja, huyo anakopia tu, hata kama sauti yake ni tamu kama asali.

Juu ya nini sendika ijali mambo ya muziki? Juu ya zile tani 16. Wazee wetu wa Union Minière walijua posho: unga na samaki vilihesabiwa na kampuni. Leo wenzetu wengi wa sous-traitance hawana duka la kampuni. Wako na Banque Lambert. Mtoto anagonjwa, kontra ni ya miezi michache, mtu anakopa mtaani. Mkopeshaji anabakia na karte yake ya banki, na siku ya mshahara yeye ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Faida yake inaweza kufika nusu ya deni. Mfanyakazi anapokea kilichobakia, na mbele ya majuma mawili anarudi kukopa tena. Travis aliimba mambo haya zamani. Ni sisi ambao hatujayaimba.

Kwa hiyo, vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, tunawaomba: chukueni wimbo ule, muimbe kwa Kiswahili chetu, na pale kwenye duka la kampuni wekeni Banque Lambert. Ombeni ruhusa; SOCODA iko kwa ajili ya haki za watunzi. Kwa tarehe 1 Mei tunapendekeza sheria moja ndogo kwa kila bendi: mbele ya kila wimbo wa mwingine, mwimbaji ataje kwa mikro jina la aliyeutunga. Haitachukua hata dakika moja. Na sisi tulio chini tutapiga makofi mara mbili: kwa aliyeanza kazi, na kwa aliyempokea zamu.