Mrija wa Kifuani: Mambo Madogo Yanayookoa Maisha



Katika ziara moja ya mradi niliingia wodi ya wanaume ya hospitali fulani. Nilimkuta kijana aliyevunjika mbavu katika ajali ya bodaboda. Kifuani alikuwa na mrija ulioshuka hadi kwenye chupa ya maji iliyokuwa sakafuni. Kaka yake, kwa nia njema ya kumpisha mfagiaji, aliinua ile chupa na kuiweka kitandani. Mara maji yakaanza kurudi kuelekea kifuani kwa mgonjwa. Muuguzi alikuja mbio akaishusha. Kijana alipona, lakini nilijiuliza: je, kuna mtu aliyemweleza yule ndugu kazi ya ile chupa?

Mrija unafanya kazi gani?

Kati ya pafu na ukuta wa kifua kuna nafasi nyembamba sana. Hewa, damu, maji au usaha vikijaa hapo kwa sababu ya jeraha, kifua kikuu au nimonia, pafu hubanwa na mgonjwa hukosa pumzi. Daktari hupitisha mrija katikati ya mbavu ili vitu hivyo vitoke. Ncha ya chini huzamishwa kama sentimita 2 ndani ya maji ya chupa. Maji hayo ni kama mlango wa upande mmoja: hewa hutoka kwa mapovu, lakini hairudi.

Njia hii ilielezwa na daktari Mjerumani, Gotthard Bülau, mwaka 1891. Mwaka 1918 askari wengi wa Marekani walipata usaha kifuani baada ya nimonia. Vifua vilipopasuliwa mapema na kuachwa wazi, walikufa takriban 30 katika kila 100. Madaktari waliposubiri na kutoa usaha bila kuruhusu hewa kuingia, vifo vilishuka chini ya 5 katika 100. Basi siri yote ni kuzuia hewa isirudi.

Matatizo na namna ya kuyazuia

1. *Chupa kuinuliwa.* Ikae chini ya usawa wa kifua wakati wote, hata mgonjwa anapopelekwa kupigwa picha. Isimame wima, mahali isipoweza kupigwa teke.

2. *Mrija kuziba au kukunjika.* Maji ndani ya mrija hupanda na kushuka mgonjwa anapopumua. Yakitulia, huenda mrija umeziba, au pafu limekunjuka vizuri. Muuguzi aitwe aangalie. Mgonjwa asiulalie mrija.

3. *Mrija kubanwa.* Mrija unaotoa mapovu usibanwe bila agizo la daktari. Hewa ikikosa njia hujaa kifuani, na mgonjwa anaweza kufa kwa muda mfupi.

4. *Mrija kuchomoka.* Ufungwe imara kwa uzi na plasta. Ukitoka kifuani, kidonda kifunikwe mara moja kwa kitambaa safi na muuguzi aitwe.

5. *Maambukizi.* Mikono ioshwe, vyombo vitakaswe, na mrija uondolewe mara kazi yake inapokwisha.

6. *Maumivu.* Mgonjwa mwenye maumivu huogopa kupumua kwa nguvu na kukohoa, na pafu huchelewa kukunjuka. Apewe dawa, aketi, na akiruhusiwa atembee huku chupa ikiwa chini.

Wajibu wetu

Katika hospitali zetu nyingi ndugu ndiye anayemgeuza mgonjwa na kumwosha. Kwa hiyo naye anahitaji dakika tano za maelezo kutoka kwa muuguzi. Kamati zinazotembelea wagonjwa zinaweza kumkumbusha jambo hili kwa upole, bila kugusa vifaa.

Kwa wafadhili, nawaomba mkumbuke kwamba mrija wenyewe hautoshi. Panahitajika chupa za akiba, dawa za maumivu, mafunzo ya wauguzi na karatasi ya kuandika kila zamu kilichotoka. Vitu hivi havipendezi katika picha kama jengo jipya, lakini vikikosekana, kazi nzuri ya daktari inaweza kuharibika kwa chupa moja iliyoinuliwa.