Mpokeaji wa Mzigo si Mtazamaji

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo biashara ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo imekuwa biashara ya mizigo inayosafiri mbali. Maharage na mahindi hushuka kwenda mijini. Saruji, mabati, vitenge na sabuni hupanda. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni kiasi cha kilomita 1,250, na baada ya hapo bado ipo safari ya lori. Katika mwendo huo mzigo hupita mikononi mwa watu wengi, kila mmoja na karatasi yake. La kusikitisha ni kwamba yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa mpokeaji ndiye aghalabu asiyejua nafasi aliyopewa na sheria.

Wengi humdhania mpokeaji kuwa ni mtu wa kungoja tu: lori likifika atashusha, lisipofika atalalamika. Dhana hiyo ni potofu. Mbele ya sheria mpokeaji anayo haki, anao wajibu, na mara nyingi anabeba hasara kabla hajauona mzigo wenyewe.

Tuanze na hasara. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo misingi yake ilitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, inaeleza kwamba muuzaji aliyepatana kumpelekea mnunuzi bidhaa, akishamkabidhi mchukuzi, huhesabiwa kuwa amemkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa mapatano yaonyeshe vingine. Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Kibondo aliyelipia mifuko 200 ya saruji Dar es Salaam. Turubai likichanika njiani na mvua ikailowesha saruji, muuzaji aweza kumjibu kwamba alikwisha maliza kazi yake siku ile ya kupakia. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji apatane na mchukuzi kwa masharti yafaayo kulingana na aina ya bidhaa. Asipofanya hivyo na mali ikaharibika, mnunuzi aweza kukataa kuihesabu kuwa amekabidhiwa. Dawa iliyo bora zaidi ni sentensi moja katika mapatano: kwamba bidhaa zitakuwa katika dhima ya muuzaji mpaka zifike Kibondo.

Pili ni suala la jina. Kwa mzigo utokao ng'ambo, hati ya shehena ni stakabadhi, ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi, na tena ni ufunguo wa mali. Zamani mpokeaji alikuwa mgeni katika mkataba huo, kwa kuwa waliopatana walikuwa mtumaji na mwenye meli. Ndiyo sababu Uingereza ilitunga sheria mwaka 1855 kumwezesha mpokeaji kudai kana kwamba mkataba ulifanywa naye. Lakini karatasi ya lori siyo hati ya shehena. Mkulima wa Kasulu anayepeleka magunia ya maharage kwa dalali, na kuliandika jina la dalali peke yake, amempa dalali huyo mamlaka ya kuyapokea. Mchukuzi akiyakabidhi kwake ametimiza agizo. Yafaa basi iandikwe wazi kwamba dalali anapokea kwa niaba ya mkulima, mwenye mali.

Kigoma yenyewe ni shahidi wa uzito wa jina hilo. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji sehemu za bandari Dar es Salaam na Kigoma, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru hapa. Makuli, mabehewa na njia vilikuwa ni vile vile. Kilichobadilisha hukumu ya ushuru ni mahali mzigo ulikokuwa ukienda.

Hapo ndipo tunapowaonya ndugu zetu wanaofanya biashara kupitia Manyovu na Mabamba. Katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, neno mwenye mali linamgusa hata wakala, na hata mtu aliye na mzigo mikononi mwake au chini ya mamlaka yake. Anayeazimisha jina lake ili rafiki apitishie mzigo asishangae akiulizwa ushuru wa mali asiyoila faida yake. Urafiki hauandikwi katika hati za forodha, jina huandikwa.

Tatu ni wajibu wa kukagua. Mnunuzi anayo haki ya kupewa nafasi ya kuzitazama bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Lakini mara ngapi tunaona utingo akiharakisha, na mpokeaji akitia sahihi kwamba mzigo umefika salama ilhali hajahesabu hata gunia moja? Kwa mizigo ya meli, Kanuni za Brussels za mwaka 1924 zinatoa siku 3 za kutoa taarifa ya hasara isiyoonekana kwa nje. Mkataba wa Hamburg wa mwaka 1978 unatoa siku 15. Anayechelewa hujitwisha mzigo mzito wa ushahidi. Kwa lori kanuni ya busara ni moja: hesabu kwanza, andika upungufu juu ya karatasi yenyewe mbele ya dereva, kisha tia sahihi.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hapana sababu karatasi za uchukuzi zibaki katika lugha ambayo mpokeaji haisomi. Vyama vya ushirika na maofisa biashara wa halmashauri za Kasulu na Kibondo wanaweza kutayarisha mfano mmoja wa mapatano, wa ukurasa mmoja, unaotaja mwenye mali, mpokeaji, mlipaji wa nauli na mwenye dhima ya njiani. Gharama yake ni ndogo kuliko gunia moja la maharage lililopotea.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima aliyelima kwa jembe msimu mzima hastahili kupoteza jasho lake kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa wazi.